Gari la Baba Halikwami

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi si mtu wa subira. Mama anasema nilizaliwa mkunga akiwa bado anatafuta glavu, na tangu siku hiyo sijawahi kungojea kitu kwa amani. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umwambie akae angojee gari liharibike ndipo aolewe. Na si gari lolote, gari la baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa lifti. Alifanya kazi miaka yote kwenye hospitali moja kubwa yenye ghorofa nyingi, akitunza lifti za kupandisha wagonjwa. Watu wengi hawajui fundi wa lifti anafanya nini, kwa sababu akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona. Baba yangu alikuwa haonekani kabisa. Kamba ya chuma hakuingoja ichakae, aliibadilisha ingali ngumu. Kitufe kikianza tu kuwa kizito kidoleni, alikitoa. Akiwa mezani, kijiko kiko hewani, alikuwa akituambia kwamba lifti haina pembeni ya barabara. Ikigoma, imegoma na mtu ndani. Mpaka anastaafu hakuna mgonjwa aliyenasa katikati ya ghorofa mikononi mwake, na jambo hilo limemvimbisha kichwa mpaka leo.

Alipostaafu akanunua gari. Wenzake walinunua shamba au ng'ombe, yeye akanunua gari kuukuu la mkono wa sijui wa ngapi, lililokuwa na rangi ya bluu zamani hizo, na kila aliyeliona likiingizwa getini alimpa pole. Aliyemuuzia alikuwa analala nalo barabarani mpaka mkewe akazoea. Baba akazipokea pole zote. Alilifungua lote, akasugua, akabadilisha kila kilichokuwa cha mpira, na kuanzia hapo akaliwekea ratiba ya matunzo ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuipata.

Kila Jumamosi baada ya chai alifungua boneti, akaiwasha injini, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma kinachonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho na kusikiliza. Ukipita hapo ukamsalimia, hakuitikia. Mama alikuwa akiliita lile gari mke mwenzangu. Alisema yeye tangu aolewe hajawahi kusikilizwa namna ile, na angekohoa yeye badala ya injini angeambiwa anywe maji akalale.

Halafu kulikuwa na safari zenyewe. Kwenda dukani kununua sabuni, Baba lazima alizunguke gari kwanza. Achungulie chini kama kuna tone. Achomoe kijiti cha oili, akifute kwa kitambaa cheupe, akichomeke tena, akisome. Apime maji ya rejeta, aangalie mafuta ya breki, abonyeze mkanda wa feni kwa kidole gumba, apige tairi teke dogo la heshima. Tangi halikuruhusiwa kushuka chini ya nusu, kwa maana alisema uchafu wa chini ya tangi ndio unaoua pampu. Mama akiwa na haraka ya sabuni alikuwa anakwenda kwa miguu, ananunua, anarudi, anamkuta Baba bado anafunga boneti.

Na kama nilivyosema, Baba hangoji kitu kife. Plagi zilitolewa bado zinawaka. Mikanda ilitolewa bado haina ufa. Vile vilivyotolewa hakuvitupa, aliwagawia majirani. Kinyozi wa nyumba ya pili alikuwa na betri ya Baba, mwalimu wa kona alikuwa na breki za Baba, na kuna mtu sitamtaja ambaye gari lake zima, ukiondoa viti, lilikuwa ni masalia ya Baba. Mtaa mzima ulikuwa ukitembea kwa vitu ambavyo kwa Baba vimekwisha, na hakuna aliyekuwa akikwama.

Sasa nikueleze habari za Winchi.

Mimi nakaa kaunta kwenye duka la vipuri vya magari. Kazi hiyo niliipata kwa mgongo wa Baba, kwa kuwa mwenye duka alishangaa sana kupata mteja anayenunua mkanda wakati wa zamani ni mzima, akaona familia ya mtu huyo lazima ina akili. Siku moja akaja mwanamume mrefu, mzito, mpole, akitaka ndoano ya chuma. Jina lake nililijua baadaye, lakini mji mzima ulimwita Winchi, kwa sababu alikuwa na lori la kuvuta magari yaliyoharibika, na nyuma ya lori hilo kuna winchi, mashine ya kukunja mnyororo wa kuvutia, ambayo ikianza kuzunguka unaisikia mpaka mtaa wa nne. Aliikagua ile ndoano pande zote, taratibu, huku foleni ikijaa nyuma yake. Nikamwambia hiyo ni ndoano, si mchumba. Akainua macho, akafikiri kidogo, akasema vyote viwili mtu akikosea kuchagua anapata ajali. Nikakosa la kusema. Wanaonijua watakwambia hilo ni tukio la kuandikwa ukutani.

Tukapendana. Sina maneno mengi hapo. Mimi naongea, yeye anasikiliza. Mimi nawaka, yeye anangoja nipoe. Kazi yake aliifanya kwa ustaarabu wake mwenyewe. Ukimpigia simu kwamba gari limezima, anafika na kujaribu kwanza kuliwasha palepale. Likiwaka, anakushika mkono na kwenda zake. Hafungi ndoano kwenye gari linaloweza kutembea lenyewe, hata umbembeleze. Nilimwambia huo ni ujinga wa kibiashara. Akasema gari zima likivutwa mbele za watu ni kulidhalilisha, nalo halikumkosea mtu.

Basi akaja nyumbani kujitambulisha. Alikuja na mjomba wake, dalali wa nyumba na viwanja, mtu mwenye mdomo wa kuweza kumuuzia samaki maji. Mjomba akasifu pazia, akasifu dari, akasifu miguu ya meza. Mama akacheka, Baba hakucheka. Baba alikuwa anamtazama Winchi kama anavyotazama mkanda, akitafuta ufa. Kisha akamuuliza kwa upole anafanya kazi gani. Upole ule ninaujua.

Winchi akamweleza: anavuta magari yaliyokwama.

"Kwa hiyo magari yasipoharibika, wewe huli," Baba akasema.

Mtu mwenye akili zake angezunguka hapo. Angesema ana biashara nyingine, ana shamba, ana mpango. Winchi alifikiri kidogo, kama kawaida yake, akajibu, "Kweli, mzee. Sili."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Baba akaegemea kiti, akatoa hotuba. Kwamba yeye ameishi kwa kuzuia mambo yasitokee, na leo ameletewa mkwe anayeishi kwa kuyangojea. Kwamba mtu huyu akiamka asubuhi na kukuta magari yote ya mji yanatembea, kwake ni msiba. Kwamba amesikia wavutaji magari wanamwaga misumari barabarani, hasemi ni huyu, lakini amesikia. Kwamba binti yake amelelewa kwenye nyumba ambayo vitu haviharibiki. Mama akakohoa. Mlango wa jiko letu ulikuwa unafungwa kwa kamba ya katani, lakini haikuwa siku ya kulisema hilo.

Mjomba dalali hakuwahi kutoka kwenye nyumba ya mtu bila makubaliano, na hakutaka kuanzia kwetu. Akasema sawa mzee, hasira ni za mzazi, sisi tunazipokea, lakini tupe basi sharti lolote tuondoke nalo. Baba akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile, kicheko cha mtu anayefunga duka.

"Sharti? Siku gari langu litakapokwama barabarani, kijana wako alivute mpaka hapa getini, na siku hiyo namkabidhi binti yangu."

Alimaanisha kamwe. Kila mtu aliyekuwa pale alielewa kwamba alimaanisha kamwe. Lakini dalali alikuwa ameshanyanyuka kitini, mkono mbele, akisema tumekubaliana mzee, shahidi mama mwenye nyumba, shahidi binti mwenyewe. Baba akautazama ule mkono. Kisha akaushika kwa ujeuri, kwa sababu alilijua gari lake. Na kwa Baba, neno likishatoka limekazwa kwa spana.

Hapo ndipo nilipoanza kungoja.

Miezi ikapita. Watu wengine wanaomba mvua, wanaomba watoto, mimi nilikuwa naomba mpira wa rejeta upasuke. Gari halikupasuka kitu. Baba aliposhtuka kwamba sasa kuna mtu anaombea kinyume, akaongeza ukaguzi. Akawa anafungua boneti Jumatano pia. Akanunua mikanda akiba akaiweka kwenye buti na chini ya viti, pamoja na plagi, fyuzi, balbu na mipira ya rejeta, wa juu na wa chini, hata tukienda mahali sisi wenyewe tulikuwa tunabana miguu kuzipisha spea.

Mama alikuwa upande wangu, ingawa kwa siri. Siku moja akamwambia Baba dada yake anaumwa mgongo, lazima twende kumwona. Shangazi, maana ndivyo tulivyozoea kumwita huyo dada wa Mama ingawa ni makosa, anakaa mahali ambapo barabara imekwisha na kubaki jina tu. Mashimo yake yanajulikana kwa majina. Magari ya nguvu yamelala kule na wenyewe wakarudi na viatu mkononi. Tulipanda nyuma mimi na Mama tumeshikana mikono, roho juu, tukisubiri mlio wa kukatika. Baba akaendesha polepole, akikwepa hapa, akipanda pale, akipiga mluzi. Tukafika. Shangazi, ambaye mgongo wake haukuwa na tatizo lolote na hakuwa ameambiwa kitu, alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi ukuta. Tukarudi vilevile. Njiani tulimpita Winchi akiwa amefunga nyuma ya lori lake gari jipya linalong'aa, mwenyewe kakaa kando kashika tama. Baba alipunguza mwendo, akapiga honi kidogo, kistaarabu, akaendelea na mluzi. Niliuma meno mpaka tukafika nyumbani.

Mchana mmoja Baba akiwa amelala, shetani akanishika. Nikatoka na kuchuchumaa kwenye tairi la nyuma, nikaanza kutoa upepo. Ukalia psss. Sikiliza, mimi nimekua nikiambiwa tairi lenye upepo pungufu linakula kingo, linakula mafuta, linaua ekseli. Kadiri lilivyolia ndivyo moyo ulivyoniuma. Sikufika hata robo. Nikakimbia kuchukua pampu ya miguu, nikajaza tena upepo wote niliotoa, halafu nikaona na lile la mbele limelegea, nikalijaza pia. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho na gari liko tayari kwa safari ndefu. Malezi ni kitu kibaya sana.

Nilipomsimulia Winchi hakucheka. Alisema hata ningefaulu asingekuja kulivuta, maana hamchukui mke kwa hila ya tairi. Nikamuuliza basi unanichukua kwa nini, kwa uzee? Umri wangu nao haukuwa ukipakwa grisi. Ndipo akaniambia lile alilokuwa amekuja kuniambia. Amepata kazi mbali, kwenye machimbo, kuvuta malori makubwa. Wanamtaka mwisho wa mwezi. Akasema kama niko tayari kwenda naye atanichukua mchana kweupe, lakini hatanificha wala hatasema uongo, na Baba akiuliza atamjibu kwamba neno lake hatukulitimiza.

Nililia, nikamtukana kidogo, nikaenda kumkabili Baba.

Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaongea na miguu. Nikaiambia kwamba Winchi anaondoka, kwamba ninampenda, kwamba nikienda naye bila baraka nitakuwa mtu aliyetoroka, na nikibaki nitakuwa mtu aliyeachwa, na yote mawili ni kwa ajili ya gari la bluu lililopauka. Miguu ikajikunja kidogo.

"Nimeshatoa neno," ikasema mwishowe.

"Lirudishe basi."

"Neno si spea, mwanangu. Halirudishwi dukani."

Sikumwamkia kwa siku kadhaa. Nilimpenda Winchi na nilimpenda Baba, na wote wawili walikuwa wananitia hasira kwa kipimo kilekile, kwa sababu walikuwa watu wa namna moja na hawakujua.

Halafu, wiki ile ile, Baba alirudi kutoka kujaza mafuta bila kupiga mluzi. Akakaa jikoni, ambako huwa hakai. Mama akamwekea chai, ikapoa. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, ni nani anayemlipa yule mtu kufagia vioo.

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba pale kwenye kona mbaya ya njia ya hospitali kulikuwa na magari mawili yaliyogongana. Winchi alishayafunga na kuyapandisha, kazi imekwisha, angeweza kuondoka. Badala yake akatoa ufagio kwenye lori, akafagia vioo vyote barabarani, akainama na kuokota vipande kwa mkono mpaka kwenye majani ya kando. Baba alisimamisha gari mbali akimtazama, kwanza akidhani amemfumania akimwaga misumari. Akamtazama mpaka mwisho.

Nikamwambia hakuna anayemlipa. Kila ajali anafagia. Anasema asipofagia, anayekuja nyuma atapasukiwa tairi.

"Lakini huyo angekuwa mteja wake," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akanywa ile chai iliyopoa, yote kwa mkupuo mmoja, akaenda zake uani. Nilimsikia akifungua boneti, halafu sikusikia injini ikiwashwa wala nini. Nilimwambia Mama, umeona, ameguswa, sasa atalegeza. Mama akasema mumewe hajawahi kulegeza hata kifuniko cha chupa. Nikakata tamaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Baba akatangaza tunakwenda sokoni wote. Tulishangaa, kwa kuwa soko hulichukia, foleni inachemsha injini. Tukatoka nje na kukuta gari tayari linanguruma. Hakulizunguka. Hakuchungulia chini. Kile kitambaa chake cheupe alikuwa amekitandaza juu ya dashibodi, mbele ya usukani, kimefunika mishale yote. Mama akanitazama, nami nikapandisha mabega. Baba aliendesha ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele tu, na kwenye kila taa alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi.

Mbele kabisa ya lango la soko, pale penye watu wengi kuliko mahali popote mjini, gari likakohoa. Likajikaza kidogo, likakohoa tena, likazima. Baba akazungusha ufunguo. Likalia kinyonge, halikuwaka.

 Nyuma yetu honi zilianza. Kinyozi jirani yetu, aliyekuwa ananunua vitunguu, alibaki mdomo wazi na kitunguu mkononi. Akawaita wengine. Watu wa mtaa wetu walikuja mbio, nao walikuwa wanajua maana ya kile walichokiona.

"Limekwama," Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Piga simu. Si yupo unayemjua?"

Nilikosea namba mara mbili. Winchi alifika na lori lake, taa ya juu inazunguka. Akamsalimia Baba kwa heshima, akamwamkia Mama, mimi akanitazama tu. Kisha, kwa sababu ni yeye, akaomba ufunguo ajaribu kwanza kuliwasha. Nilitaka kumrukia shingoni nimkabe.

Akafungua boneti. Ndani mlikuwa safi kuliko jiko letu. Akagusa hiki na kile, akakunja uso, akainama ndani ya gari na kukiinua kile kitambaa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona alichokiona. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

Baba yangu. Tangi ambalo halikuruhusiwa kushuka chini ya nusu.

Winchi akakirudisha kitambaa. Akaenda nyuma kutafuta dumu, kwa kawaida yake, kama kuna akiba. Akafungua buti. Mikanda, plagi na mipira yote ilikuwa imeondolewa, na katikati palikuwa na dumu kubwa la petroli limejaa mpaka shingoni, na kando yake mpira wa kunyonyea mafuta, bado umelowa. Fundi wa lifti alikuwa amekaa asubuhi akinyonya mafuta kutoka kwenye gari lake mwenyewe, kwa mdomo wake, akabakiza ya kutufikisha langoni mwa soko, si hatua moja zaidi. Hakutaka tukwame kichochoroni. Alitaka wote waone neno lake likitimia.

Winchi alisimama amelishika lile buti. Nilimjua. Petroli ipo, gari zima, angeweza kumimina na kuliwasha hapo hapo, na kwa sheria zake ndivyo alivyopaswa kufanya. Hajawahi kufunga ndoano kwenye gari linaloweza kutembea. Watu walikuwa wamejazana. Nilifungua mdomo na kwa mara ya pili kwa mtu huyo nikakosa la kusema.

Baba akashuka, akaja akasimama karibu naye. Harufu ya petroli ilikuwa bado iko kwenye ndevu zake.

"Kijana," akasema polepole, "gari limekwama au halijakwama?"

Winchi akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri, mpaka Mama akaanza kunong'ona dua ndani ya gari. Kisha akafunga buti, taratibu, akalibana kwa kiganja mpaka likashika.

"Limekwama, mzee," akasema. "Limekwama vibaya sana. Hapa lazima livutwe."

Winchi akafunga ndoano kwa adabu, akatandika gunia ili mnyororo usichubue rangi, na winchi ikaanza kulia. Nilipanda mbele kwenye lori pamoja na Mama. Baba alikataa. Alisema lazima mtu ashike usukani wa gari linalovutwa, ndiyo kanuni, ingawa magurudumu ya mbele yalikuwa hewani, akarudi akaketi mahali pake.

Tukapita mitaa yote. Lori linakwenda mwendo wa gari la maiti, taa inazunguka, na nyuma yetu gari la Baba limeinuliwa pua juu mbele ya mji mzima. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Amekaa wima, tai shingoni, maana alikuwa amevaa tai na mimi sikuwa nimeliona hilo mpaka muda ule, na vioo vya gari amevishusha vyote. Watoto walikimbia kando wakishangilia. Wale aliowapa betri na breki na plagi walitoka milangoni, wakiwa wameshika viuno kwa kucheka. Kinyozi alikuwa anatembea sambamba na gari, amefurahi hana mfano, akapaaza sauti kumuuliza mzee nini kimeharibika.

Baba alitoa mkono dirishani akampungia.

"Vitu huharibika, bwana," akajibu. "Utafanyaje?"

Mama aliposikia alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Winchi aliendelea kuendesha polepole, macho mbele, akikwepa kila shimo.